Demio nyekundu au IST ya kila mtu?

"Shikamoo fundi. Ninafanya kazi Posta, Dar es Salaam, naishi Mbezi ndani kabisa, kilomita tatu za mwisho ni vumbi na makorongo. Nina milioni 14, natafuta kigari cha familia, mimi, mke na watoto wawili. Nimepata Toyota IST zile za kwanza, silva, cc 1300, namba D, dalali anataka milioni 13. Pia kuna Mazda Demio ya 2008, nyekundu, namba E, milioni 10 na nusu. Mke wangu ameipenda Demio, anasema IST imekaa kiteksi, kila mtu anayo. Kaka yangu anasema Demio ni kutupa hela: haiuziki, spea hakuna, IST ndiyo gari gumu. Jirani naye anasema nichukue Passo, inakunywa mafuta kidogo. Nategemea kuuza baada ya miaka miwili au mitatu ili nimalizie nyumba. Na je, nikichukua IST nikaipaka rangi nyekundu, si nitakuwa nimewaridhisha wote? Nisaidie, watu wananichanganya."

Marahaba, mdogo wangu. Kazi yangu ni kukagua magari kabla mnunuzi hajatoa hela, na swali la aina hii hunifikia mara kwa mara, ila wewe umeliuliza vizuri kuliko wengi. Umetaja barabara, umetaja siku ya kuuza, na umemtaja mke. Wengine huniandikia "IST na Demio ipi kali?" basi, wanasubiri majibu.

Nikikuelewa, huogopi gari bovu. Unaogopa kwamba ukimsikiliza mkeo, shemeji yangu, utaumia mfukoni, na ukimsikiliza kaka utakaa miaka mitatu kwenye gari ambalo nyumbani kwako hakuna anayelipenda. Wote wawili wana hoja, na wote wawili wamezidisha.

Nianze na shemeji, maana kwenye mambo ya magari mwanamke akisema "zuri" watu hucheka, wanaona ameangalia rangi tu. Mimi naamini ameona kitu. Huko Japani, gari dogo la abiria lina daraja lake kisheria: upana usizidi milimita 1,700, urefu usizidi 4,700, injini ya petroli isizidi cc 2000. Ukivuka kimojawapo, gari linahamia daraja la juu. Ndiyo maana IST ya kwanza ina upana wa milimita 1,695, na Demio ya umbo hilo lililoanza 2007 nayo ina 1,695 vile vile. Wachoraji wa kampuni zote mbili walibanwa na mpaka ule ule, wakabaki kucheza na kimo, na matairi, na umbali kutoka tairi la mbele hadi la nyuma. IST mpya, ile iliyotoka 2007, ndiyo iliyovuka mpaka kwa kuwa na upana wa 1,725, na ukiitazama kwa nyuma unaona kabisa imetanuka mabega.

Sasa weka hizo mbili zako upande kwa upande. IST ina kimo cha milimita 1,530, Demio 1,475. Yaani Demio imeinama kwa sentimita tano na nusu. Halafu kati ya tairi la mbele na la nyuma, IST ina milimita 2,370, kipimo ilichorithi kwa Toyota Vitz ya 1999, wakati Demio ina 2,490. Sentimita 12 zaidi. Gari la chini lenye miguu iliyoachana huonekana kama linataka kuondoka hata likiwa limepaki, na jicho la mtu linaliona hilo kabla hajajua kulieleza. Sentimita hizo hazikuwekwa kwa ajili ya macho peke yake. Zinalituliza gari kwenye lami yenye mawimbi, lisirukeruke mbele na nyuma. Demio ile ilichaguliwa kuwa Gari la Mwaka la Dunia 2008, na jambo lililosifiwa sana ni kwamba ilikuwa nyepesi kwa karibu kilo 100 kuliko iliyoitangulia, wakati magari mengi kila toleo jipya linaongeza kitambi.

IST nayo ina ujanja wake. Wamechukua kigari cha ukoo wa Vitz, wakakipa mashavu yaliyovimba juu ya matairi na tairi la 185/65R15, kikaonekana kama kijipu kidogo cha mjini. Hilo la "kiteksi" analolisema shemeji halitokani na mchoro. Linatokana na wingi. Ilipotoka 2002 lilikuwa gari la vijana wa Kijapani wanaotaka kuonekana, na Marekani liliuzwa kwa jina la Scion xA, chapa ambayo Toyota iliianzisha kwa ajili ya vijana. Sisi Dar tumelipenda mpaka limegeuka sare. Zamani vigari hivi tulivicheka, tukiviita bebi woka. Leo aliyecheka ndiye anayeendesha.

Kwa hiyo usimwambie mkeo kwamba sura si kitu. Utaliangalia gari hilo kila asubuhi. Swali la maana ni hili: sura hiyo inakugharimu shilingi ngapi? Tukipata hiyo namba, ugomvi wa nyumbani utapungua nusu.

Tuingie kwa kaka. Anaposema IST ni gumu, sababu kubwa iko kwenye udugu wake na magari mengine kuliko kwenye unene wa bati lake. Injini ya IST ya cc 1300 ni 2NZ-FE, na ile ya cc 1500 ni ndugu yake, 1NZ-FE. Hiyo 1NZ utaikuta kwenye Probox, Raum, Sienta, Porte, Ractis, bB, na Corolla za cc 1500. Kila fundi wa chini ya mwembe ameshaifungua. Pampu ya maji, koili, alteneta, sensa, vyote viko madukani Kariakoo na Gerezani, vipya na vya mtumba, kwa daraja tatu au nne za bei. Huo ndiyo ugumu wenyewe: likiharibika saa nne asubuhi, jioni unalo barabarani. Likizeeka vibaya huanza kula oili kama mengine yote, na kuna zinazofika kwangu zikitoa moshi wa bluu mwenye gari akisema "ni baridi tu".

"Spea hakuna" kwa Demio ni maneno ya zamani. Filta, plagi, pedi za breki, shokapu, bushi, vinapatikana. Injini yake ya cc 1300, ZJ-VE, inatumia cheni ya taimingi kama ile ya IST, hakuna mkanda wa kubadilisha kila baada ya muda. Tatizo la Demio liko kwenye ngozi: taa ya mbele, bampa, saiti mira, taa ya nyuma. Yale maumbo yaliyompendeza shemeji ndiyo hayohayo ambayo bodaboda akikugonga Ubungo utayatafuta maduka matano, na ukiipata taa moja muuzaji anajua huna pa kwenda. Kwa IST ungechagua kati ya taa kumi. Lakini hapo hapo kumbuka kwamba gari ambalo spea zake zinauzika haraka ndilo linaloibiwa vioo usiku. Mwenye IST asiye na geti mwulize saiti mira amenunua mara ngapi.

Twende kwenye kuuza, ndipo kaka alipokubana zaidi. Watu wengi huongelea thamani ya kuuzia kana kwamba utakutana nayo siku ya kuuza tu. Unakutana nayo mara mbili. Demio inaonekana hasara siku ya kuuza kwa sababu soko letu haliipi bei, lakini soko hilo hilo limekupunguzia siku ya kununua. Aliyebeba hasara kubwa ni yule aliyeiagiza, akalipa bandari na kodi zote, pamoja na ule ushuru wa ziada wa uchakavu kwa gari la zamani. Wewe unaingia bei ikiwa imeshashuka.

Chukua kalamu. Tuseme IST unainunua 13 na baada ya miaka miwili na nusu unaiuza 11. Umepoteza milioni mbili. Tuseme Demio unainunua 10.5 na soko linakupa 7.5, nami nimeibana makusudi. Umepoteza milioni tatu. Kwa asilimia inatisha, maana moja imeshuka 15 na nyingine karibu 29, na hizo asilimia ndizo anazozipiga kaka kichwani. Lakini kwa shilingi, tofauti ni milioni moja kwa miezi 30, yaani kama elfu 33 kwa mwezi. Hiyo ndiyo bei ya sura ya Demio. Na muda wote huo milioni mbili na nusu zako hazijalala kwenye bati; zimeshanunua saruji, au zimekaa pembeni zikisubiri shokapu. Mimi sioni elfu 33 kama wazimu kwa familia inayolipanda gari kila siku. Mwingine ataona ni hela nyingi, na yuko sahihi kwa mfuko wake.

Kitu ambacho hesabu hiyo haionyeshi ni haraka. IST ukiitangaza Jumatatu, Jumatano una watu watatu wanagombania, dalali mmoja akiwa na fedha taslimu. Demio inaweza kukaa mwezi, hata miwili, kila anayekuja anakushushia laki tano akijua huna foleni nyuma yake. Mtu anayeuza kwa shida, mgonjwa hospitali au fundi wa bati amesimama site, ndiye anayelia na Demio. Anayeuza kwa kupanga halii sana.

Tena haya ni ya kwetu. Vuka Namanga uingie Kenya, Demio ni gari la kawaida kabisa, lina wanunuzi tele na mafundi wake. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na IST ile ya kwanza iliacha kutengenezwa 2007, kwa hiyo siku nyingi sasa haiwezi kuingia huko, na wanunuzi wamezoea majina mengine. Gari ni lile lile, sifa imegeuka. Kaka anaposema Demio "haiuziki" anaongelea watu wa Dar, haongelei chuma.

Jirani na Passo yake nitampitia haraka. Ni gari zuri la mtu mmoja na mizunguko ya mjini. Lilitengenezwa na Daihatsu, na lile la lita moja lina silinda tatu, cc 996, limekaa chini kidogo ya mstari wa cc 1000 ambao kwenye kodi za kuagiza una maana yake. Lakini piga hesabu ya mafuta yenyewe. Mbezi hadi Posta na kurudi weka kilomita 50, siku 26 kwa mwezi, kilomita 1,300. Tuseme kwenye foleni IST au Demio inakupa kilomita 12 kwa lita, na Passo 14. Tofauti ni kama lita 15 kwa mwezi. Tuseme lita ni shilingi 3,000, umeokoa elfu 45. Ni hela, sikatai. Ila zile silinda tatu zikibeba watu wazima wawili, watoto, gesi na magunia ya mkaa ya kutoka Chalinze, kwenye mlima wenye changarawe utakanyaga mafuta mpaka mwisho, na hapo akiba inayeyuka. Usidanganywe pia na namba za matumizi zilizoandikwa kwenye matangazo ya magari ya Japani ya miaka ile. Nyingi ni za kipimo kilichoitwa 10-15, gari likiwa juu ya mashine maabara, halina foleni ya Kimara wala abiria anayeomba AC.

Umeniandikia "namba D" na "namba E" kana kwamba ni umri wa gari. Hili linaumiza watu wengi. Herufi hiyo inakuambia gari lilisajiliwa Tanzania lini, haikuambii lilitengenezwa lini wala limetembea kiasi gani. Gari la 2004 lililoshuka bandarini juzi litakuwa na namba E, na bado ni la 2004. Namba mpya ina faida moja ya kweli: limekaa muda mfupi kwenye barabara zetu na mikononi mwa mafundi wetu. Madalali wanajua mnapenda herufi, wanaiuza kwa laki kadhaa. Wewe soma namba ya chesisi. IST yako ikianza na NCP60 ni cc 1300 ya kuvuta mbele; NCP61 ni cc 1500; NCP65 ni ya kuvuta matairi manne, ina shafti na difu ya ziada ambayo siku moja utaitengeneza. Demio ikiandikwa DE3FS ni cc 1300 ya kuvuta mbele, DE5FS ni cc 1500. Ikigongana na kile kilichoandikwa kwenye kadi, ondoka, usiulize hata bei.

Hiyo IST ya silva ina jambo jingine linalonifanya nisite. IST nyingi za cc 1300 za rangi hiyo hapa mjini zimefanya kazi ya abiria wa mtandao. Si dhambi, ila gari hilo limetembea kilomita za miaka mitatu kwa mwaka mmoja, na kilomita za kwenye dashibodi zinarudishwa nyuma kwa bei ya chakula cha mchana. Usiangalie mita. Fungua mlango wa nyuma wa kushoto, ule wanaopandia abiria. Tazama kitambaa cha ukingo wa kiti, mpira wa mlango chini pale miguu inapopita, na kishikio cha ndani cha kuvutia. Kwenye gari la familia, kiti cha dereva ndicho huchakaa kwanza na cha nyuma hubaki kipya. Ukikuta cha nyuma kimechoka sawasawa na cha dereva, na pedali ya breki imebaki laini bila mistari, huku mita inasema elfu 80, unajua unaongea na nani.

Sasa barabara yako, ambayo kwangu ndiyo hakimu kuliko shemeji na kaka. Kimo cha paa kinadanganya. IST kuwa ndefu kwa sentimita tano na nusu haimaanishi tumbo lake liko juu kwa kiasi hicho. Sehemu kubwa ya hizo sentimita ni nafasi ya vichwa vyenu. Chukua futi ya fundi seremala. Weka familia yote ndani ya gari, tangi likiwa nusu, piga goti upime kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa katikati ya matairi ya mbele na nyuma, kwenye kava ya injini na bomba la ekzosi. Kisha pima ncha ya chini ya bampa la mbele. Nenda na vipimo hivyo kwenye korongo lako baya zaidi, si lile la kawaida, lile la baada ya mvua za Aprili. Hapo hakuna mabishano.

Angalia na matairi. Kwenye 185/65R15 ya IST, ile 65 ni asilimia: ukuta wa tairi ni asilimia 65 ya 185, karibu milimita 120. Demio za kawaida huja na 175/65R14, ukuta wa milimita kama 114. Zote zinafaa barabara yako. Lakini Demio nyekundu za yadi mara nyingi zimevalishwa rimu kubwa ili zivutie, na ukikuta 185/55R15 ukuta umebaki milimita 102. Rimu inapendeza zaidi, na kila jiwe la Mbezi utalisikia kiunoni, mpaka siku rimu itakapopinda. Ikiwa hivyo, mwambie muuzaji akurudishie rimu za 14 au apunguze bei. Na asije mtu akakushauri kunyanyua gari kwa spesa nene. Shafti za mbele zinakaa pembe isiyo yake, baada ya muda zinaanza kugonga ukikata kona.

La mwisho kwenye ufundi ni gia boksi, na hapa naomba unisikilize kuliko kote. IST ya kwanza ina otomatiki ya kawaida ya gia nne. Demio ya umri huo zipo za gia nne na zipo za CVT. CVT haina gia. Ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa, na kinachouzuia mkanda usiteleze ni msuguano unaotokana na oili maalumu. Mtu akimimina oili ya otomatiki ya kawaida kwa sababu "zote ni nyekundu", mkanda unateleza, unakwaruza puli, na gia boksi imekwisha. Kwa hiyo kabla ya kununua jua ni ipi, na baada ya kununua usimwachie kijana wa kituo cha mafuta akuchagulie. Ukijaribu CVT barabarani, panda mlima taratibu ukisikiliza: isitetemeke kwenye mwendo mdogo, isipige kelele ya kuvuma inayopanda na mwendo. Ikifanya hivyo, achana nayo hata kama shemeji atanuna.

Basi unataka nikuambie uchukue ipi. Kama ile nyekundu inapita kwenye korongo lako ikiwa na watu wanne, kama ni ya gia nne au CVT yake ni safi, na kama unaweza kuanza kuitafutia mnunuzi miezi mitatu kabla ya kuhitaji hela, chukua Demio. Toa milioni moja na nusu kwenye ile chenji yako uifungie kabisa kwa ajili ya matengenezo ya mwaka wa kwanza. Kama unajua siku ya kuezeka nyumba itakukuta huna kitu na utauza ndani ya wiki, chukua IST, lakini si lazima iwe hiyo ya silva. Zipo nyingi, na wingi wake ndiyo faida yako. Kati ya Demio iliyotunzwa na IST iliyochoka, kwangu hakuna mjadala, hata kaka akihama mji.

Haya yote ni ya kuandikiana. Yapo mambo sitayaona kwenye picha ya simu, wala wewe hutayaona peke yako. Kabla ya kutoa hata kishika uchumba, mpeleke fundi unayemlipa wewe, asiwe wa dalali, gari likiwa limelala usiku kucha, injini ya baridi. Alinyanyue, aangalie chini kama chesisi imewahi kunyooshwa, atazame boliti za mashavu ya mbele kama rangi yake imepasuka kwa spana, alichomeke kwenye mashine ya kusoma hitilafu. Wewe mwenyewe washa swichi bila kuwasha injini: taa ya eabegi lazima iwake sekunde chache kisha izime. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameing'oa ili usijue eabegi zilishafumuka. Kama muuzaji ana karatasi ya mnada wa Japani, tafuta alama ya R. Maana yake lilipata ajali likatengenezwa, na bei yake lazima iwe ya gari la ajali. Muuzaji akikataa ukaguzi, umeshapata jibu la ukaguzi. Na malipo makubwa yafanyike mkiwa kwenye hatua ya kuhamisha umiliki TRA, baada ya kuangalia faini za barabarani zinazodaiwa na kuhakikisha kadi halisi haijawekwa rehani kwa mkopeshaji.

Kuhusu kuipaka IST rangi nyekundu: usifanye. Nyekundu ndiyo rangi inayochoka haraka kwenye jua letu la pwani, na ya gereji huchoka kabla ya ile ya kiwandani. Ndani ya muda mfupi boneti na paa zinakuwa waridi. Ndani ya milango na chini ya boneti itabaki silva, kwa hiyo kila mnunuzi atakayefungua mlango atadhani unaficha ajali, na atapunguza bei kwa hofu yake. Tena rangi imeandikwa kwenye kadi, ukibadilisha unatakiwa kubadilisha na usajili, la sivyo trafiki wa kwanza atakayekusimamisha atakuwa na mazungumzo nawe. Hiyo Demio yenyewe iangalie kwa jicho hilo hilo: simama kwenye jua la saa tano, linganisha wekundu wa paa na wa mlango. Paa likiwa limeanza kupauka lakini ni la kiwandani, hilo ni la kuombea punguzo tu. Mlango mmoja ukiwa mwekundu kuliko mingine yote, uliza ni kwa nini, na usikubali jibu la kwanza.